Maumivu Niliyoyapunguza kwa Mdomo

Faida mwanangu,

Umetoka na Papa yako kwenda kuaga watu wa kanisa, na jinsi ninavyowajua wale mama, hawatawaachilia mpaka mle kila nyumba. Jua bado liko juu ya kilima. Nina saa mbili, labda tatu, na karatasi hizi nilizomwomba mwalimu. Nimekaa, nikainuka, nikaenda kuangalia kama mlango wa kuku umefungwa, nikarudi. Umefungwa. Ulikuwa umefungwa tangu mwanzo.

Sitakuandikia habari za sabuni na soksi. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, hata kasuku angekuwa amechoka." Nilicheka, lakini ulinigusa mahali penyewe. Nilikuwa napiga domo juu ya soksi ili nisipate nafasi ya kusema kitu kingine. Kesho asubuhi kamiyo, lile lori la mizigo, litakupeleka Sake, na kutoka Sake utaendelea mpaka kwenye shule ya wakunga, na ukishapanda sitapata tena nafasi ya kujidai nimesahau.

Jumapili ulisimama mbele ya watu wote. Ulisema, "Nakwenda kusoma kazi ya Mama yangu. Nataka nikuwe muntu wa huruma kama yeye." Watu walipiga makofi, Papa yako akajipangusa macho kwa kofia. Mimi nilitazama miguu yangu. Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Nimepalilia maharagi ambayo wewe ulikuwa umeshayapalilia, na umeniona. Nadhani ulifikiri nina huzuni ya kuachwa. Ninayo, ndiyo. Lakini si hiyo iliyonitoa usingizi.

Unajua hukutoka tumboni mwangu. Hatukukuficha hata siku moja. Unajua mama aliyekuzaa aliitwa Riziki, alitoka upande wa Omate huko Walikale, na mumewe alichimba mawe ya Wazungu. Unajua alipasuliwa ili utoke, katika lopitali niliyokuwa nikifanya kazi, na kwamba alikufa kwa kifua siku ya tano. Ni kweli tupu. Ila kuna kipande nilichokiruka kila mara nilipokusimulia, na nilikiruka kwa ustadi, maana hukuwahi kuuliza.

Lazima nianze na mimi mwenyewe, la sivyo hutaelewa kwa nini nilifanya nilivyofanya. Sisemi hivi ili unihurumie. Nasema ili uelewe.

Miaka michache kabla ya vita vya Wazungu, na mimi nilipasuliwa. Mtoto alikuwa amelala vibaya, nikabebwa kwa machela kutoka Nyabiondo, siku nzima, wanaume wakipokezana. Walinipa eta ninuse, nikapotea. Nilipoamka tumbo lilikuwa linawaka kuanzia kitovu kwenda chini, nikauma meno, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, na kwetu mwanamke anayelia uzazi anaitia aibu nyumba mbili, ya kwao na ya mumewe. Masera, yule mtawa aliyesimamia wodi, aliniona natoka jasho kwenye mdomo wa juu. Akaja na sindano ya morfini.

Nikuambie sindano ile ilivyo, kwa sababu huko watakufundisha jina lake na kipimo chake, lakini hawatakuambia ladha yake. Maumivu hayaondoki. Yanahamia chumba cha pili. Unayasikia yakizunguka huko, lakini si yako tena. Pua inawasha, unajikuna, unatapika kidogo, halafu unalala usingizi ambao si wa mtu aliyechoka. Nilishukuru. Waliponiuliza kama nataka nyingine, nilisema nataka.

Mtoto wangu, wa kiume, aliishi siku mbili. Alikufa nikiwa ndani ya usingizi ule. Wanawake walimchukua, wakamzika upesi kama inavyofanywa kwa watoto wadogo, na nilipoamka sawasawa hakukuwa na kitu cha kushika. Hakuna aliyesema ni kosa la sindano. Wala haikuwa. Alikuwa dhaifu, alikuwa amechoka kabla hajatoka. Lakini mtu hachagui kitu atakachokichukia. Nilichukia kile kichupa kidogo cha kioo, cha morfini, kuliko nilivyochukia kifo chenyewe, na tumbo langu halikushika mimba tena.

Masera alinionea huruma akanipa kazi. Nilijua kusoma, nilijua Kihunde, na bibi yangu mzaa mama alitoka Walikale kwa hiyo nilijua Kinyanga pia. Niliosha wagonjwa, nilibadilisha vitambaa, na nilikuwa mdomo wa munganga. Yule daktari alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye haraka. Watu walimwita Bwana Leo-Leo. Alijua Kiswahili cha kuamuru tu: lala, fungua, kohoa, meza. Mama wa milimani wakimjibu kwa lugha zao, alinigeukia mimi.

Nimeinuka tena. Nilidhani nimesikia sauti yako barabarani, kumbe ni watoto wa jirani wanafukuza mbuzi.

Basi vita vilikuja. Hatukuviona, tuliona tu vitu vikipungua. Ubelgiji ulikuwa umekamatwa, meli hazikufika, na sanduku la morfini likawa linafunguliwa kwa ufunguo. Upande wa machimbo kazi ilikuwa imeongezwa kwa ajili ya vita, wanaume waliletwa miguu imesagwa na mawe, nao walihitaji sindano zile. Bwana Leo-Leo akafikiri. Akasema mbele yangu na Masera, "Wamama waliopasuliwa, pengine aspirini inatosha kwao. Tutaangalia. Tutalinganisha."

Tulilinganisha hivi. Mama mmoja akipasuliwa, alipata sindano siku zile za kwanza. Anayemfuata alipata vidonge vya aspirini, na tumbo lilifungwa vizuri kwa kikwembe, kitenge kilichokunjwa, na akafundishwa kubana kitambaa juu ya mshono kila akitaka kukohoa au kugeuka. Anayefuata, sindano tena. Hivyo hivyo, msimu wa mvua na msimu uliofuata. Asubuhi na jioni munganga alipita, akauliza kila mmoja, "Mama, unaumwa? Sana ao kidogo?" Mimi nilileta jibu, Masera akaandika. Maneno yalikuwa matatu tu: hapana, kidogo, sana.

Ukitazama kwa macho, kila njia ilikuwa na uzuri wake. Hawa wa sindano walitulia, nyuso zao zililainika, lakini walilala mno, tumbo halikutoa haja kwa siku nyingi, na watoto wao niliwaweka kwenye ziwa mwenyewe kwa mikono yangu. Hawa wa vidonge walikuwa macho. Walimshika mtoto. Kikwembe kiliwasaidia kweli, usikidharau, mwanamke aliyefungwa vizuri anathubutu kukaa. Walikuwako na wengine ambao munganga aliwachoma sindano ya mgongo badala ya eta, na hao walikuwa wakitoka chumba cha kupasuliwa wanazungumza na kutania, miguu imekufa, nasi tukasema, tazama, huyu hana shida. Halafu dawa ya mgongo ilikwisha, na yote yaliwaangukia mara moja, bila wao kujiandaa. Hao niliwaonea huruma kuliko wote, lakini huruma yangu haikufika mdomoni.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, Faida, na naomba usilisome haraka.

Mama wengi wa vidonge walisema wenyewe "kidogo". Mama mkwe alikuwa amekaa pale, angesema nini? Lakini mimi niliwaosha alfajiri. Niliona vidole vilivyokamata shuka. Niliona meno. Mmoja aliniuma mkono nilipomgeuza, akaniomba msamaha. Nilijua, na munganga alipouliza nilitoa lile neno la mbele ya watu, lile la aibu, nikaliacha lile la alfajiri. Nilijiambia nawafichia heshima. Nilijiambia mzungu huyu asije akasema wanawake wetu ni watoto. Na chini ya hayo yote palikuwa na kitu kingine: nilitaka aspirini ishinde. Nilitaka sindano zile zirudi kwenye sanduku lao na zisitoke tena mbele ya mama mwenye mtoto mchanga. Nilitaka wawe macho. Kama wangeumwa, waumwe, lakini wawe macho.

Ndipo akaja mama yako.

Alikuwa mdogo, pengine alikuzidi wewe wa leo kwa miaka miwili au mitatu. Mumewe alimleta mpaka mlangoni akarudi siku ileile, maana machimbo hayakumpa ruhusa zaidi. Hakuwa na mama mkwe kwenye kigoda, hakuwa na dada, hakuwa na mtu. Alipasuliwa asubuhi kwa eta, ukatolewa wewe, ukapiga kelele mpaka Masera akacheka. Kwa zamu, yeye alikuwa wa vidonge.

Jioni munganga alipita. "Mama, unaumwa? Sana ao kidogo?"

Maumivu yanamrudisha mtu kwenye lugha ya kwao. Alijibu kwa Kinyanga, kwa sauti kubwa, wodi nzima ikageuka. Alisema, "Mwambie nakatwa bado. Mwambie kisu hakijatoka. Mama yule wa dirishani mmempa kitu, nanyi mkamwacha alale. Nami nipeni kile."

Niliona aibu kwa niaba yake. Hakuna aliyewahi kusema hivyo katika chumba kile. Hakujificha, hakutazama chini, alisema kama mtu anayesema nipe maji. Na kile alichokitaka kilikuwa kichupa changu, adui yangu.

Nikamgeukia munganga. Nikasema, "Anasema iko naumwa kidogo. Ataweza."

Masera akaandika kidogo. Wakapita kitanda kingine.

Mama yako alinitazama. Alingoja mpaka wamefika mwisho wa chumba. Halafu akasema, polepole, kwa Kiswahili, "Mama, miye pia nasikiaka Kiswahili. Kule kambi ya machimbo tunasemaka Kiswahili. Sikusema kidogo."

Ningeweza kumwita munganga pale pale. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nimehesabu hatua hizo mara nyingi.

Badala yake nikainama nikamwambia, "Nyamaza, dada. Ile sindano inalazaka muntu. Mutoto wangu alikufa, na miye nalala tu."

Akanitazama tena. Sikuona chuki usoni mwake, ningependa kukuambia niliiona. Akasema, "Ule njo alikuwa wako. Huyu iko wangu."

Asubuhi munganga alipouliza, hakujibu kwa Kinyanga wala kwa Kiswahili. Aligeuza macho ukutani. Nikasema kidogo. Jioni nikasema kidogo. Alilala chali kama ubao, hakutaka kugeuzwa. Nilimfunga kikwembe, nikamwonyesha jinsi ya kubana kitambaa akohoe, akajaribu mara moja, akaacha. Nikimwinua akae, pumzi yake ilikuwa fupi, ya juu juu, ya mtu anayeogopa tumbo lake mwenyewe. Nilijua anaumwa. Lakini sikujua kwamba maumivu yenyewe yanaua. Hilo Mungu anajua, sikulijua. Nilifikiri maumivu ni maumivu tu, yanapita, yangu yalipita.

Siku ya tatu homa. Siku ya nne kifua kilikuwa kinakoroma. Munganga alimpa vidonge vya homa ya kifua vilivyokuwapo, vichache, akakaa karibu naye kwa muda mrefu kuliko desturi yake. Siku ya tano, mvua ikinyesha, kabla ya saa sita mchana, alikufa. Ulikuwa mikononi mwangu, unalia njaa.

Nimetoka nje kidogo. Nimechota maji ambayo hatuyahitaji.

Mumewe alikuja kutoka Omate, siku tatu kwa miguu msituni. Alikaa ukumbini mwa lopitali, kofia magotini. Nilipokuleta kwake hakukushika. Akasema, "Nitaenda naye na maziwa ya nani?" Kwa mila ya kwao wewe ulikuwa wa nyumba yake, na aliyaacha hayo kwa uchungu, usifikiri alikutupa. Alikuja kukuona mara mbili, alikuletea nyama ya msituni iliyokaushwa. Halafu tukasikia naye ameaga dunia. Haya unayajua. Usichokijua ni kwamba nilipomwambia, "Niachie mimi, nitamlea," haikuwa huruma. Ilikuwa woga. Nilikuchukua ili mtu asinitazame tena kama mama yako alivyonitazama. Papa yako alifikiri nimepata faraja, akamshukuru Mungu, nami nilimwachia afikiri hivyo mpaka leo.

Huruma ilikuja baadaye, na hiyo ni ya kweli, hiyo usiitilie shaka. Ulikuwa na miezi minane hivi. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo ya jioni, ukatambaa ukaja ukakamata kidole changu ukakiuma kwa jino lako moja, ukacheka. Nilikutukana. Halafu nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimefikiri habari za kifo. Kuanzia siku hiyo ulikuwa mwanangu, na woga ulikaa pembeni, lakini hakutokea mtu wa kuufukuza.

Sasa yale ya lopitali. Bwana Leo-Leo alifunga daftari lake akasema aspirini na kikwembe vinatosha, wamama wa huku hawaumwi sana. Aliandika hivyo na kupeleka kwa waganga wenzake wa lopitali nyingine, hata upande wa Walikale. Miaka yote ya vita hapakuwa na sindano kwa mama aliyepasuliwa. Mimi nilijaribu kubadilika. Kifo cha Riziki kilinitetemesha, hata bila kukielewa, nikaanza kusema "sana" kila mahali, hata pale ambapo mama mwenyewe alisema anaendelea vizuri. Munganga akashangaa. "Kwa nini sasa banaumwa hivi?" Nikamjibu ni baridi ya huku kwetu Masisi. Unaona? Uongo wa pili kufunika wa kwanza, na wala haukumsaidia mtu, maana sanduku lilikuwa limefungwa tayari.

Ulikuwa na miaka minane alipokuja munganga mpya. Vita vilikuwa vimekwisha, dawa zilifika, hata sindano mpya zisizolaza sana. Siku moja alikuwa anafundisha wauguzi kando ya kitanda, nami nashika beseni. Akasema, "Mama mwenye kuumwa hapumui mpaka chini. Hakohoi. Kifua kinajaa. Njo maana dawa ya maumivu iko dawa ya kifua pia."

Beseni lilianguka. Maji yalimwagikia viatu vyake. Walifikiri nimezeeka ghafla.

Pengine unaikumbuka siku hiyo. Nilirudi nikakukuta unaosha sufuria, nikakushika, nikakubana mpaka ukasema, "Mama, unaniumiza." Nikakuachilia. Ulikimbia kwenda kucheza. Tangu siku ile nimejua, na nimekuwa na miaka mingi ya kukuambia, na kila mwaka nilikuwa na sababu. Bado mdogo. Ana mtihani. Amepata surua. Sasa sababu zimekwisha.

Sijui kama sindano ingemwokoa. Naandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa kujitetea. Pengine kifua kingemjaa hata hivyo. Pengine angelala mno na kufa kwa njia nyingine. Munganga mpya mwenyewe alisema hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba alisema kitu kimoja, nikasema kingine, na alisikia.

Utaniuliza, na ulivyo mbishi utauliza kwanza hilo, sasa ipi njia bora? Nimewaona wengi kwa miaka hii yote na nitakuambia nilichokiona. Dawa inayotolewa kabla maumivu hayajapanda inafanya kazi kuliko mara mbili yake iliyotolewa baada ya mama kuanza kuuma shuka. Sindano ni nzuri siku ya kwanza na ya pili, kwa kipimo kidogo, na mtu akae karibu ahesabu pumzi na amwangalie mtoto, maana mama hawezi. Kosa la siku zetu ni kwamba tuliziweka sindano na aspirini zipigane, kumbe zinasaidiana, na kikwembe kinasaidia zote, na mama akiinuka mapema na kutembea hatua chache nayo ni dawa. Wa sindano ya mgongo mpe kitu kingine akiwa bado anatania. Usimngoje.

Lakini zaidi ya hayo, mwanangu, jichunguze unapenda nini na unachukia nini kabla hujaulizwa kipi kinafaa. Mimi nililinganisha njia mbili na moyo wangu ulikuwa umeshachagua kwa sababu ya kaburi moja dogo. Hakuna mtu mwenye kaburi moyoni asiyechagua. Basi ujue tu unalo, na useme. Ningemwambia Masera, "Mimi sindano hii naichukia, mwingine atafsiri," angenielewa. Haingegharimu kitu.

Na usimwamini mama anayesema "kidogo" mama mkwe akiwa kwenye kigoda. Mtume mama mkwe akachote maji, kisha uulize tena. Halafu usiishie kuuliza. Mwambie akohoe. Mtazame akigeuka. Akikataa kukohoa, basi ameshakujibu. Na yule anayesema waziwazi kwamba anaumwa, usimwonee aibu. Nilidhani Riziki hana heshima. Kumbe katika chumba kile chote yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasema ukweli, na mimi nilikuwa na kazi moja tu, kuupeleka hatua kumi.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uisome ukishafika mbali, milima ikiwa katikati yetu. Nilishaikunja mara moja. Halafu nikaona ninachofanya. Nataka usome mahali ambapo sitakusikia. Nataka tena mtu aumwe na mimi nisilazimike kujibu.

Hapana. Nakusikia sasa, ni wewe kweli, unacheka na Papa yako kwenye mteremko, na yeye analalamika kwamba umemlisha ugali wa nyumba saba. Nitampa yeye kazi ya kufunga sanduku lako kwa kamba. Wewe nitakuita ndani, nitakupa karatasi hizi mkononi, na nitakaa mbele yako kwenye kigoda mpaka umalize. Usiogope uso wangu. Usitafute neno la kunifunika. Kama kesho hutaki niende nawe mpaka kwenye kamiyo, sema. Kama hutaki kuniita Mama mpaka upate muda, sema. Miaka yote nimesema kwa niaba ya watu. Soma mpaka hapa, Faida, halafu sema mwenyewe.